Kupita mwambani Malindi na Watamu: mwongozo wa anayeanza

"Sijui kupiga mbizi, naweza kuja?" "Nivae nini?" "Kuna papa?" Maswali haya nimeyajibu mara nyingi mno, mpaka simu yangu siku hizi inamalizia jibu kabla sijaliandika. Nimeona niyaweke mahali pamoja, ili ukinipigia Ijumaa usiku tuzungumze jambo moja tu: kesho maji yanajaa saa ngapi.

Mchezo wenyewe, kwa jina la huko ulikotoka, ni kostiringi (coasteering). Ulianza kuwa safari ya kulipia miaka ya 1980 huko Pembrokeshire, Wales, kwenye maji ambayo hata Agosti yanamtetemesha mtu. Mnafuata ukingo pale bahari inapokutana na jabali: mara mnatambaa juu ya mwamba, mara mnaogelea kuvuka mwanya, mara mnaruka majini. Hakuna mashua, na kwa kawaida hakuna kamba za kupandia. Sisi tunasema tu kupita mwambani. Watoto wa wavuvi wa hapa wameufanya mchezo huu tangu zamani bila helmeti, na hawakumlipisha mtu.

Mimi ni msaidizi wa kiongozi. Kazi yangu ni kuwa wa mwisho kwenye msafara, kwa hiyo makosa yote hutokea mbele ya macho yangu.

Mwamba wetu ulivyo

Ukitazama video za Wales utaona mawe ya kijivu, laini kidogo, yenye ngazi za asili. Usizitegemee. Jabali la Malindi na Watamu ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo, kisha yakakauka yakawa jiwe. Ukilipapasa kwa kiganja ni kama umepapasa meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Yale unayoona laini yana mwani, na mwani unateleza kuliko sabuni.

Jambo la pili ni uvungu. Bahari imelila jabali kwa chini, kwa hiyo juu limechomoza na chini kuna nafasi kama ya uvunguni mwa kitanda. Ukiwa ufukweni unaviona visiwa vidogo vya Watamu vimesimama kama uyoga, shingo nyembamba na kofia pana. Vinapendeza kwenye picha. Ukiwa majini, uvungu ni mahali ambapo wimbi linakuingiza, linakuinua, na kichwa chako kinakutana na dari yenye meno. Ukitaka kutoka, mdomo wa mwamba uko juu, mkono mmoja zaidi ya unapofika. Kiongozi mzuri hampeleki mgeni kwenye uvungu. Anachagua mwamba ulioinama kama paa la banda, au wenye vidaraja vya kukanyaga.

Siku huchaguliwa na mwezi

Watu huanza na kalenda: "Niko Malindi Jumamosi, basi tufanye Jumamosi." Bahari haijui Jumamosi. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hupita mita 3, yaani kimo cha ghorofa moja. Mwamba uliousimamia saa nne asubuhi ukiwa mkavu, kaa wanakukimbia miguuni, saa kumi jioni umefunikwa na maji yanayokupita kichwa.

Wavuvi wote wa hapa wanaijua hesabu hii. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ongeza siku moja au mbili: hiyo ni bamvua. Maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa mnamo saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na saa hugeuka: sasa ni mnamo saa nne asubuhi ndipo maji yanapojaa, na tofauti ya kujaa na kupwa ni mita moja na kidogo tu. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukitaka saa kamili, tumia jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa. Malindi haiachani nalo sana.

Kwa anayeanza nataka maji mafu, na sababu yangu kubwa ni mlango wa kutokea. Siku ya bamvua, katika saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kusogea, kimo hubadilika kwa karibu sentimita 80 kila saa. Kidaraja ulichokishika ukienda, ukirudi kiko juu ya kichwa chako au kimezama. Siku ya maji mafu, ukianza saa moja kabla ya maji kujaa na kumaliza saa moja baadaye, kimo karibu hakibadiliki. Mlango uliouona ukiingia ndio utakaoukuta ukitoka. Tena ni asubuhi, upepo bado haujaamka vizuri, na jua halijawa la kuunguza.

Ubaya wa maji mafu nao upo: hayajai sana, kwa hiyo sehemu za kurukia zinapungua. Anayetaka kuruka sana atasikitika. Anayetaka kurudi na magoti yake mawili hatasikitika.

Hili nililijifunza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na wageni walioondoka kesho yake, nasi tukaona aibu kuwakatalia, ilhali mwezi ulikuwa mpevu jana yake. Tulipokuwa tunateremka, mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu aliniita: "Mwanangu, leo bahari inakimbia. Mtarudi kwa njia gani?" Nikamjibu kwa heshima kwamba tutarudi kwa njia ile ile. Dakika 90 baadaye njia ile ile haikuwepo. Tulizunguka kwa kuogelea mpaka kwenye mchanga, mgeni mmoja akilia kimyakimya ndani ya helmeti. Mzee alikuwa bado pale. Hakusema kitu, na hilo liliniuma zaidi.

Kuhusu majira: kusi, hasa Juni hadi Agosti, huleta mawimbi mazito, na mimi simpeleki mgeni wa kwanza wakati huo. Oktoba hadi Machi bahari ni tulivu zaidi. Lakini kuna Mto Sabaki. Ukifurika, maji ya upande wa Malindi mjini yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, na wakati wa kaskazi mkondo huyasukuma kusini kuelekea mji. Maji usiyoona chini yake huyarukii, hata kama jana ulirukia papo hapo. Ndiyo maana miezi hiyo mara nyingi tunahamia Watamu, kilomita 20 hivi kusini, ambako maji huwa safi zaidi.

Vitu vya kuwa navyo

Vya kwako:

- Raba za zamani zenye kamba, zinazobana kisigino. Champali hapana. Viatu vya plastiki vya kuchomeka hapana, wimbi la kwanza linavichukua.
- Suruali ndefu ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Maji yetu ni ya uvuguvugu, kwa hiyo suti nene ya mpira haihitajiki. Nguo hapa ni kwa ajili ya ngozi yako na mwamba.
- Dada anayejisitiri: nguo ya kuogelea ya kujisitiri inafaa kabisa, ila sketi yake isiwe pana, na kichwani vaa kofia ya kubana badala ya mtandio wa kufunga. Helmeti inakaa juu yake vizuri, na hakuna ncha ya kunasa.
- Glavu nyepesi za bustani. Watu huzicheka asubuhi, mchana wanaziulizia.
- Maji ya kunywa lita moja na nusu, na kitu cha kula baadaye.
- Dawa yako. Mwenye pumu ampe kiongozi bomba lake la kuvutia dawa, lisibaki garini.

Vya kiongozi, nawe una haki ya kuomba uvione:

- Helmeti na jaketi la kuelea kwa kila mtu, la saizi yake.
- Kamba ya kurusha iliyo ndani ya mfuko, filimbi, na simu kwenye mfuko usioingia maji.
- Sanduku la huduma ya kwanza lenye kibano, siki, bandeji na dawa ya kuua vijidudu.
- Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Sababu yake utaiona huko chini.

Ondoa pete, cheni na bangili. Kidole chenye pete kikinasa mwambani, mwili unaenda na kidole kinabaki nyuma.

Kumpata kiongozi

Usimfuate kila kijana anayekusimamisha ufukweni, hata kama Kiitaliano chake ni kizuri kuliko changu. Muulize: tutaingilia wapi na kutokea wapi, na njia ya kutokea ikishindikana, ya pili iko wapi? Leo maji yanajaa saa ngapi? Mafunzo ya uokoaji na huduma ya kwanza uliyapata lini? Tuko wangapi? Mimi napenda wageni 6 kwa viongozi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Akijibu "usijali" mara mbili, shukuru uende zako.

Muulize pia kuhusu kibali. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 na ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ukiingia ndani ya mipaka yake unalipia kiingilio kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hubebi kombe wala tumbawe, na hukanyagi matumbawe yaliyo hai. Na si kila jabali lina njia ya umma juu yake: ukitokea kwenye kiwanja cha mtu ukiwa umelowa na umevaa helmeti, utakuwa na maelezo mengi ya kutoa kwa askari na mbwa wake.

Hatua kwa hatua

1. Usiku wa kuamkia. Lala. Pombe na miraa hapana. Aliyefunga, asije: jua na chumvi vinakausha mwili haraka, na mwenye kizunguzungu mwambani anawahatarisha wote. Ramadhani tunapumzika, mwamba hauendi popote. Asubuhi kula chepesi, mahamri mawili na chai. Mbaazi ziache za baadaye.

2. Tazama bahari dakika 15 kabla ya kuvaa. Kaa kitako, tazama pale mtakapopita. Mawimbi huja kwa makundi: kwa dakika kadhaa yanakuwa madogo, kisha yanafuatana matatu au manne makubwa. Anayetazama dakika mbili anaona madogo tu. Tafuta alama ya maji kwenye mwamba, uone wimbi kubwa linapanda mpaka wapi. Likipanda zaidi ya kiuno cha mtu, sisi tunakunywa chai na kurudi nyumbani.

3. Vaeni, mkaguane. Helmeti: tikisa kichwa kwa nguvu ukiwa umeinama, isisogee. Jaketi: mwenzako alishike mabegani alivute juu, likikufika masikioni, kaza au badilisha. Fundo la kiatu liingize ndani.

4. Jifunzeni ishara. Mawimbi yanameza sauti. Kiganja juu ya utosi maana yake niko salama. Mkono mmoja ulionyooshwa juu ni nahitaji msaada. Filimbi moja: simameni, nitazameni. Filimbi tatu: dharura. Kiongozi akiweka kiganja utosini anakuuliza, nawe unamjibu hivyo hivyo. Ukimwitikia kwa dole gumba hataelewa kama unasema sawa au unaonyesha juu.

5. Ingia majini kwanza mahali pepesi. Kwenye mchanga au kidimbwi kikubwa, si kwenye jabali. Lala chali, acha jaketi likubebe, pumua. Hapa ndipo tunapojua nani yuko tayari. Si lazima uwe muogeleaji hodari, na kupiga mbizi hakuhitajiki kabisa, maana jaketi halitakuruhusu hata ukitaka. Lakini lazima uweze kulala chali na kujisukuma mita 50 bila hofu, uso ukipigwa na maji mara mojamoja. Ukishindwa, si aibu: wiki mbili za mazoezi ufukweni, urudi.

6. Tambaa mwambani. Katika viungo vinne, vitatu vishike, kimoja ndicho kisogee. Kanyaga jiwe kavu lenye rangi hafifu, epuka jeusi linalong'aa. Jaribu kila jiwe kabla ya kuliachia uzito wako. Kaa chini: mtu aliyechuchumaa akiteleza anakaa, aliyesimama akiteleza anaanguka. Usiingize mkono kwenye tundu usiloona ndani yake. Mkunga ana meno na hapendi wageni. Na usiipe bahari mgongo. Ukisikia mtu anaita "wimbi!", lala juu ya mwamba, shika, subiri lipite, ndipo uendelee.

7. Vuka mwanya kwa kuogelea. Chali, miguu mbele, magoti yamekunjwa kidogo. Ukisukumwa mwambani, raba zako ndizo zitakazogusa kwanza. Jitenge na ukuta kwa mita mbili au tatu. Wageni hukaribia ukuta kwa sababu unaonekana kama usalama, kumbe hapo ndipo maji yanapopanda na kushuka kwa nguvu. Vukeni mmoja mmoja, na asianze wa pili kabla wa kwanza hajaweka kiganja utosini.

8. Toka majini. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wengi hudhani kuruka ndiko kugumu. Kuruka ni sekunde moja. Kutoka ndiko kunakotoa damu. Mgeni anafika mwambani, anaona kidaraja, anakishika maji yakiwa chini. Wimbi linaondoka, uzito wote unaning'inia mikononi, magoti yanasugua chaza waliogandamana pale kama wembe uliovunjwavunjwa. Wimbi linarudi, linamgonga, anaachia. Mara tatu hivyo, nguvu zimeisha.

   Fanya hivi: ngoja majini mita mbili nje ya kidaraja, utazame. Acha mawimbi makubwa yapite. Likija la wastani, jisogeze nalo, likuinue lenyewe kama lifti. Likifika kileleni uko sawa na kidaraja au juu yake: weka viwiko na kifua juu, inua goti moja, tambaa mbele hatua tatu kabla hujageuka kutazama. Hatua tatu, si moja. Wimbi linalofuata humchota aliyesimama ukingoni akijipongeza. Ukikosa, usishikilie, jisukume nje, pumua, ungoje jingine.

9. Ruka, ukitaka. Hakuna anayelazimishwa, na kila mahali tunaporuka pana njia ya kuzunguka kwa miguu. Kiongozi huingia kwanza na miwani ya majini, anakagua chini siku ile ile. Jiwe halihami, lakini mchanga unahama na kina kinabadilika.

   Anza na mita moja. Ukifurahi, mita mbili. Kwa siku ya kwanza mwisho wangu ni mita 3, na kabla hujanung'unika, jua kwamba kutoka mita 3 unayapiga maji kwa mwendo wa kilomita 28 kwa saa. Mwendo wa bodaboda ya mtaani. Simama vidole vikiwa ukingoni, tazama mbele kule maji yanapokutana na mbingu, usitazame chini. Piga hatua moja kubwa kwenda nje, si kuchupa. Miguu pamoja, magoti yamelegea kidogo, mikono imekumbatia jaketi kifuani, mdomo umefungwa. Kichwa mbele, hapana. Kinyumenyume, hapana. Kurukia simu ya rafiki anayepiga picha na kumwangukia rafiki mwenyewe, imeshatokea.

10. Malizeni mapema. Dakika 90 zinatosha. Hesabuni watu kwa majina, si kwa idadi tu. Oga maji ya bomba, kagua miguu na mikono kwenye mwanga, kunywa maji, ndipo uile mbaazi niliyokukataza asubuhi.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kulegeza helmeti kwa sababu ya joto. Kubeba simu mkononi. Kukaa kimya unapochoka. Mtu hutuambia "niko sawa, kaka" huku midomo inatetemeka, halafu kwenye mwanya unaofuata mikono haina kitu. Ukichoka sema mapema, bado tuko karibu na njia ya kutokea.

Kosa jingine ni la watu wa hapa hapa, wala si la wageni. Tunajua kuogelea tangu utotoni, basi tunavua jaketi mbele ya wageni ili tuonekane. Kisha wageni nao wanavua.

Yakienda kombo

Umechanika kwenye chaza au mwamba. Ndilo la kawaida kuliko yote. Safisha kwa maji matamu na sabuni, toa vipande vyote vya matumbawe hata kama inauma, paka dawa. Jeraha la matumbawe linaonekana dogo, halafu siku ya tatu linavimba. Likiwa jekundu, la moto au linatoa usaha, nenda hospitali, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Umekanyaga kile kimnyama cha mviringo chenye miiba mirefu myeusi. Usikamue wala usiponde kwa jiwe. Mwiba unaojitokeza uvute kwa kibano, ukienda sawa na ulivyoingia. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia. Wazee watakuletea utomvu wa papai bichi. Sibishani na wazee, lakini mwiba ulioingia karibu na kiungo ni kazi ya daktari.

Maumivu makali ya ghafla, mguu unavimba mbele ya macho. Huenda umekanyaga samaki yule anayefanana na jiwe. Hapa ndipo chupa ya chai inapofanya kazi: maji ya moto, karibu nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Yajaribu kwanza kwa mkono usioumia, wako au wa mwenzako, maana mwenye maumivu makali hajui kama anaungua. Wakati huo huo gari liwe linaelekea hospitali. Namba za dharura ni 999 au 112.

Umewashwa na konyeza. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba. Ondoa nyuzi kwa kibano. Usisugue mchanga. Ukipumua kwa shida, ni hospitali mara moja.

Mkondo unakuvuta nje. Usishindane nao. Lala chali, inua mkono mmoja, elea. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuko mpaka uutoke, kisha ndipo urudi. Tutakurushia kamba: shika kamba, si mfuko, iweke begani, uso juu.

Kiatu kimetoka. Kiache. Usitumbukize kichwa kukitafuta kando ya mwamba. Tunabeba jozi moja ya ziada, si nzuri, na haifanani.

Papa. Kwenye maji haya ya ukingoni sijakutana naye. Chaza nakutana naye kila wiki.

Umeganda ukingoni. Umesimama juu ya mita mbili, wenzako chini wanahesabu "moja, mbili, tatu" na miguu haisogei. Sisi huwanyamazisha kwanza, kelele hazijawahi kumsaidia mtu. Rudi nyuma hatua mbili, kaa kitako, pumua mara tano. Ukisimama na bado miguu haitaki, geuka uje kwangu. Niko nyuma yako, najua njia ya miguu, na tutafika chini kabla hawajamaliza kuvaa upya viatu vyao.